Kuruka majini kutoka juu: hesabu inayofichwa na urefu

Mtu akisimama kwenye ukingo wa jabali akayatazama maji yaliyo chini, kitu cha kwanza anachokipima ni urefu. Urefu ndio unaomfanya moyo umdunde, na urefu ndio wenzake wanaoutaja wanapomhimiza au wanapomwonya. Hata hivyo, wengi wa wanaovunjika shingo majini hawakuruka kutoka juu sana. Walitanguliza kichwa kwenye maji ya kiunoni au kifuani, kutoka ukingo wa bwawa, kutoka gati fupi, kutoka kwenye mashua, au walikuja mbio ufukweni wakajitupa kwenye wimbi. Wengi wao ni vijana wenye afya, na wengine hawakutembea tena.

Kwa hiyo urefu ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni umbali ambao mwili unapewa ili usimame. Karibu kila ushauri wa maana kuhusu kuruka majini, kuanzia kina hadi mkao wa mikono, unahusu umbali huo.

Tuanze na kasi. Ukianguka mita 1, unayagusa maji kwa kasi ya kilomita 16 kwa saa. Mita 3 zinakupa kilomita 28, mita 5 zinakupa 36, na mita 10, ambazo ndizo urefu wa jukwaa la juu la Olimpiki, zinakupa 50. Kutoka mita 20 unafika kwa kilomita 71 kwa saa. Utaona kwamba kasi haipandi sawasawa na urefu: ili kasi iongezeke mara mbili, urefu lazima uongezeke mara nne. Wapo wanaofarijiwa na jambo hilo, na wanakosea, kwa sababu kishindo cha maji hakifuati kasi bali mraba wa kasi. Urefu ukiongezeka mara nne, kishindo nacho huongezeka mara nne.

Ukiacha upinzani wa hewa, ambao katika mita hizi chache ni mdogo, kuna njia rahisi ya kujua mwili utasimamishwa kwa ukali gani. Gawanya urefu ulioanguka kwa umbali uliotumia kusimama. Aliyeruka kutoka mita 10, akaingia wima na kusimama baada ya kuzama mita 4, amesimamishwa kwa wastani wa mara 2.5 ya mvutano wa dunia, jambo ambalo mwili wenye afya unalivumilia. Mwenzake wa jukwaa lilelile aliyeangukia tumbo akasimama ndani ya sentimita 40 amepata mara 25. Urefu ni uleule na maji ni yaleyale. Na huo ni wastani tu, maana pigo lenyewe hufika kilele katika sehemu ndogo sana ya sekunde, pale ngozi inapogusana na maji.

Sasa turudi kwa aliyejitupa kwa kichwa kwenye maji ya kiunoni. Kichwa chake kinasimamishwa na mchanga au saruji katika sentimita chache, huku kiwiliwili kizima kikiendelea kuja nyuma yake kwa kasi ileile, na kinachobeba mzigo huo wote ni pingili za shingo. Uchunguzi wa majeraha ya aina hii umeonyesha kwamba kichwa kikigonga kitu kigumu kwa kasi ya takriban mita 3 kwa sekunde, shingo inaweza kuvunjika. Kasi hiyo unaipata kwa kuanguka nusu mita. Ndiyo maana sipendi kabisa kusikia mtu akiambiwa "ruka tu, si juu". Ufupi wa mahali pa kuruka haumlindi mtu yeyote ambaye chini yake hakuna kina.

Kwa nini maji yanapiga

Imezoeleka kusema kwamba maji yana "ngozi" juu yake, na kwamba ngozi hiyo ndiyo inayomuumiza anayeruka. Kutokana na imani hiyo wapo wanaotupa jiwe kwanza, eti lipasue uso wa maji kabla hawajafika. Mvutano wa uso wa maji upo kweli, nao unatosha kumbeba mdudu mdogo, lakini kwa mwili wa binadamu ni nguvu isiyohesabika. Kinachoumiza ni uzito wa maji. Lita moja ya maji ina kilo moja, karibu mara 800 ya hewa ya ujazo uleule. Ili mwili wako uingie, maji yaliyo mahali hapo lazima yahame, na yahame mara moja. Ukiingia kwa nyayo unayasukuma maji kidogo, na yanapata nafasi ya kukupisha pembeni. Ukiingia kwa kifua na mapaja unayataka maji mengi sana yahame kwa mkupuo, nayo hayawezi bila kukurudishia nguvu hiyohiyo. Jiwe lililotangulia halibadilishi uzito wa maji hata kidogo.

Kwenye mabwawa ya mashindano utaona vinyunyizio vinavyochafua uso wa maji chini ya majukwaa. Kazi yake si kulainisha maji. Maji yaliyotulia humpoteza mrukaji, akashindwa kujua uso uko wapi wakati anajipindua hewani, na vile viwimbi humsaidia kuuona. Kuna mitambo mingine, hasa ya mazoezini, inayopuliza hewa nyingi kutoka sakafuni mwa bwawa, na hiyo kweli hupunguza pigo, kwa sababu maji yaliyochanganyika na mapovu ni mepesi na yanakubali kubonyea. Lakini mtu asiichukue habari hii akaipeleka kwenye maporomoko. Mapovu yaliyo chini ya maporomoko yanakupokea kwa upole, kisha yanakataa kukubeba. Mwili unaoelea vizuri kwenye maji ya kawaida huzama kwenye maji yaliyojaa hewa, mikono inapiga makasia bila kupata kitu cha kusukuma, na mkondo unaoviringika pale unaweza kukurudisha chini mara kadhaa.

Ule msemo kwamba maji hugeuka saruji ukiruka kutoka juu nao unapotosha. Saruji haikupishi hata kidogo. Maji hukupisha, ila kwa gharama inayopanda kadiri kasi inavyopanda. Hakuna mita fulani ambapo maji laini yanageuka magumu. Anayeusikia msemo huo hudhani kwamba chini ya mpaka fulani yuko salama kwa namna yoyote atakayoingia, ilhali hata mita 5 za kuangukia ubavu zinaweza kupasua kiwambo cha sikio au kumkata mtu pumzi akiwa bado yuko chini ya maji.

Kina, na namna ya kukijua

Shirikisho la kimataifa la michezo ya majini, World Aquatics, lina viwango vya kina vya mabwawa ya kuchupia. Kwa ubao wa mita 1 tu, kina cha chini ni mita 3.4. Kwa jukwaa la mita 5 ni mita 3.7, na kwa jukwaa la mita 10 ni mita 4.5, ingawa mita 5 ndizo zinazopendekezwa. Inafaa kuzitafakari namba hizi. Urefu umepanda mara kumi, kina hakijafika hata mara moja na nusu. Sababu ni kwamba maji huikata kasi kubwa kwa ukali zaidi, hivyo anayetoka juu sana hazami mbali sana kuliko anayetoka chini kidogo. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba hata ubao wa mita moja unadai kina kinachozidi dari za nyumba nyingi. Watu wengi wangekadiria nusu ya hapo.

Na hivyo ni viwango vya bwawa, yaani sakafu iliyo tambarare, inayojulikana, isiyo na jiwe wala gogo. Kwenye mto, ziwa au bahari mimi nisingekubali kina kilicho pungufu ya hicho, hata kwa anayetanguliza miguu.

Macho hayawezi kukupimia kina. Mwanga hupinda unapotoka majini, hivyo maji safi ukiyatazama kutoka juu moja kwa moja huonekana kuwa na robo tatu tu ya kina chake, na ukiyatazama kwa mshazari huonekana mafupi zaidi. Maji yenye tope hayakuonyeshi chochote. Njia ya kuaminika ni kuingia kwanza kwa kutembea au kuogelea kutoka pembeni, ukiwa na miwani ya kuogelea, na kuzama hadi chini kwa miguu ikitangulia. Kama hufiki chini, tumia kamba yenye kitu kizito mwishoni. Usikague nukta moja tu unayotaka kuangukia. Kagua eneo pana kuizunguka, kwa sababu mwili ukishaachia ukingo hauendi kila mara ulikokusudia, na ukishazama huendelea kusogea mbele.

Ukaguzi huo hurudiwa kila siku. Bahari hujaa na kupwa, na siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huwa kubwa kuliko siku nyingine, hivyo jabali lililokuwa na kina cha kutosha asubuhi linaweza kuwa halina saa sita baadaye. Mto uliofurika huhamisha mchanga na kuleta magogo yanayonasa chini bila kuonekana juu. Warukaji wa La Quebrada, huko Acapulco nchini Meksiko, wanaojirusha kutoka jabali la takriban mita 35, hungoja wimbi, kwa sababu kina cha ule mlango mwembamba wa bahari hupanda wimbi linapoingia na kushuka linapotoka. Wanaondoka ukingoni wakati ambao mtazamaji mgeni angeona maji bado hayajafika. Ujuzi huo umejengwa mahali pamoja, na kuujua hapo hakumpi mtu ruhusa ya kuuhamishia kwenye jabali jingine.

Mwili uingie vipi

Miguu itangulie. Hili silijadili na mtu asiyefundishwa na kocha. Hata katika mashindano ya dunia ya kuchupa kutoka juu sana, yaliyoingizwa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia Barcelona mwaka 2013, wanaume huruka kutoka mita 27 na wanawake kutoka mita 20, na wote huingia majini kwa miguu. Hewani wanajipindua watakavyo, lakini kichwa hakitangulii, na chini huwepo wazamiaji waokoaji waliokwisha kujipanga majini kabla mrukaji hajaondoka. Kama walio mahiri kuliko wote duniani wanatumia miguu, anayejaribu kwa mara ya kwanza hana sababu ya kutumia kichwa.

Kwenye ukingo, piga hatua moja kubwa kwenda mbele badala ya kukimbia. Mbio zinauinamisha mwili mbele, na mwelekeo huo ukishaanza hewani ni vigumu kuuzuia. Ukingo wenye ukoga au maji unaweza kukutelezesha ukaugonga mwamba ukiwa unashuka. Kugonga mahali pa kurukia si jambo la wanafunzi pekee: katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Greg Louganis, bingwa wa enzi zake, aligonga kichwa kwenye ubao wa mita 3.

Ukiwa hewani tazama mbele, mbali. Ukiinamisha kichwa kuyatafuta maji, mabega hufuata, kifua hufuata, na maji yanakupiga usoni na tumboni. Mikono inaweza kunyooshwa pembeni na kuzungushwa kidogo ili uendelee kuwa wima, lakini kabla ya kugusa maji lazima iwe imerudi, ama imebanwa mapajani au imekunjwa juu ya kifua. Mkono ulioachwa wazi hupigwa na maji kutoka chini, na bega linaweza kuteguka. Kwa sababu hiyohiyo usiruke ukiwa umeshika simu mbele yako ili ujipige picha, na usiruke mkiwa mmeshikana mikono. Mmoja akichelewa nusu hatua anamvuta mwenzake upande.

Miguu ibanwe pamoja, vidole vielekee chini, misuli ya mapaja na matako ikazwe yote. Hapa watu huona haya kusema wazi, na kwa kuona haya watu wanaumia. Aliyeingia na miguu wazi kutoka juu anaweza kusukumiwa maji kwa nguvu kupitia njia ya haja kubwa au uke, na majeraha ya ndani yanayotokea yanahitaji upasuaji. Kaptura inayobana au suti ya kuogelea ya mpira inasaidia kiasi, lakini kinachokinga hasa ni kubana. Aliyeingia kama aliyeketi kitini naye yuko hatarini: pigo lote linapanda kupitia kifandugu na pingili za kiuno, ambazo zinaweza kubonyezwa hadi zipasuke.

Vuta pumzi ya kawaida kabla ya kuondoka, funga mdomo, kisha toa hewa kidogo kupitia puani unapoingia ili maji yasipande. Kushika pua ni sawa kwenye urefu mdogo. Kutoka juu zaidi mkono huo hugeuka kuwa kitu cha kukupiga usoni. Usizibe masikio kwa vizibo, kwani shinikizo hupanda haraka ukizama na vizibo vinaweza kusukumwa ndani. Mara tu kichwa kinapokuwa chini ya maji, tanua mikono na miguu na ukunje magoti ili uache kuzama, kisha panda ukitazama juu, mkono mmoja ukiwa mbele ya kichwa. Ondoka hapo upesi. Anayefuata asiruke hadi amekuona umetoka kwenye eneo la kuangukia.

Nani asiruke kabisa? Aliyekunywa pombe, mwenye mimba, mwenye tatizo la mgongo, shingo, moyo au masikio, na yeyote asiyeweza kuogelea kwa starehe mahali asipofikia chini. Na yule ambaye amesimama ukingoni anatetemeka huku wenzake wakihesabu moja, mbili, tatu: huyo aachwe ashuke kwa njia aliyopandia. Mwili unaositasita katikati ya hatua ndio unaoanguka vibaya, na wanaohesabu hawatabeba jeraha lake.

Baridi huua mtu aliyeruka vizuri

Yote hayo yanaweza kufanyika sawasawa na mtu bado akazama. Maji yenye chini ya nyuzi 15 za Selsiasi huupiga mwili kwa namna nyingine. Ngozi ikipoa ghafla, mtu hushtuka na kuvuta pumzi kubwa bila kutaka, kisha hupumua mbiombio asiweze kujizuia, huku moyo na shinikizo la damu vikipanda. Ile pumzi ya kwanza ikitokea kichwa kikiwa chini, kinachoingia kifuani ni maji. Mshtuko huu huwa mkali zaidi katika dakika ya kwanza na hupungua ndani ya dakika mbili tatu. Huhitaji hewa ya baridi ili uwe hatarini, kwani mto unaotoka milimani huwa baridi hata siku ya jua kali.

Mostar, Bosnia, watu wamekuwa wakiruka kutoka daraja la Stari Most hadi mto Neretva kwa karne nyingi. Daraja hilo la mwaka 1566 lilibomolewa vitani mwaka 1993 na kujengwa upya mwaka 2004. Urefu wake kutoka kwenye maji ni zaidi ya mita 20, na mto ni wa baridi hata katikati ya kiangazi. Warukaji wa hapo hujimwagia maji baridi kabla ya kuruka ili mwili usishtuke, na mgeni anayetaka kujaribu hupitishwa kwanza kwenye jukwaa fupi kando ya mto. Ni mpangilio wa busara: kuyazoea maji yenyewe kwanza, urefu baadaye.

Ukijikuta ndani ya maji baridi, usianze kuogelea kwa pupa. Laza kichwa nyuma, elea chali, ungoja pumzi zitulie, ndipo uende ukingoni. Na ukingo huo uwe umeuchagua kabla ya kuruka. Majabali mengi mazuri ya kurukia yana kuta laini zisizoshikika, na mawimbi humtupa mwogeleaji kwenye mawe hayohayo anayojaribu kuyapanda.

Kuruka kwa lazima, chombo kinapozama, kuna sheria yake. Jaketi la kuokolea la melini hutengenezwa liweze kuhimili kuruka kutoka angalau mita 4.5 ikiwa aliyelivaa amelishika, lakini mita 1 tu ikiwa mikono iko juu ya kichwa. Tofauti inatokana na kwamba jaketi huelea wakati mwili unaendelea kuzama, hivyo hupanda kwa nguvu kuelekea kidevuni. Lifunge barabara, mkono mmoja ulivute chini kwa kupitia mbele ya kifua, mwingine ufunike pua na mdomo, hakikisha chini hakuna mtu wala boti, kisha piga hatua ukitazama mbele. Kama kuna ngazi au kamba, shuka nayo hadi karibu na maji badala ya kuruka.

Kama ameumia

Aliyeruka akabaki anaelea kifudifudi, au anayesema hahisi vidole, au anayelalamika shingo, achukuliwe kuwa amevunjika shingo hadi daktari aseme vinginevyo. Usimvute kwa mkono mmoja kumkimbiza nchi kavu. Inua mikono yake yote miwili pande za kichwa chake, ibane dhidi ya masikio ili kichwa na kiwiliwili viwe mstari mmoja, kisha mgeuze polepole uso uelekee juu. Akiwa anapumua na maji yametulia wala si ya baridi, mshikilie akielea hivyohivyo hadi wapatikane watu wa kutosha wa kumtoa akiwa amenyooka, ikiwezekana juu ya ubao. Asipopumua, pumzi inatangulia shingo: mtoe, mpe pumzi, kisha kandamiza kifua, na mwingine apige simu ya dharura. Kama hujui kuogelea vizuri usimfuate majini. Mtupie kamba au kitu kinachoelea kama ana fahamu, na uite msaada.

Yuko pia yule anayetoka mwenyewe, anatembea, anacheka, anasema shingo imekakamaa kidogo tu. Pingili inaweza kuwa imepasuka bila kusogea bado, na geuko moja la kichwa likaisogeza ikabana uti wa mgongo. Alazwe chali mahali alipo, mtu apige magoti nyuma yake na kushika kichwa kwa mikono miwili kisizunguke, na abaki hivyo hata akisisitiza kuinuka, mpaka wahudumu wa afya wafike.